Gari la mtumba Tanga: kutu nitaijuaje kabla sijalipa?

Wakuu, naishi Raskazone, kazini Ngamiani. Bajaji zipo, ila gari nalitaka. Nililoliona linang'aa, lakini limelala pwani miaka. Nikague wapi?

Jibu: Mng'ao usikubabaishe, mkuu. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa, ipitishe kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiponata, hapo huenda pana pati (lipu ya kuziba bodi), na bati huenda limeshaliwa. Halafu liinue, gonga chesesi kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa ukali, kilichooza hutoa sauti butu na magamba ya kahawia. Chesesi ikidondosha magamba, liache kabisa!

Jibu: Funua na kapeti la buti.

Jibu: Ukilinunua, lioshe tumboni kwa maji ya bomba kila wiki. Turubai la nailoni hapana, linafungia unyevu wenye chumvi.