Re: Yoti ya Tanga: tuulize nini kabla ya kupanda basi?

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Mkataba wetu wa kazi hapa Arusha umebakiza mwaka, na mimi na mume wangu tumeingiwa na wazimu wa bahari. Kuna mgeni Tanga anauza yoti ya faibaglasi, futi 32, mlingoti mmoja. Jumamosi tunashuka kuiona. Sisi kwetu Nyahururu, boti tumezijua kwenye kalenda. Tuulize nini?

Wa Njiro

---

Marahaba mwanangu.

Basi lisubiri. Arusha hadi Tanga ni siku nzima, kwa hiyo mambo ya karatasi yamalize kwa simu. Chombo kimesajiliwa wapi, kwa jina la nani? Kama ni Tanzania Bara, akutumie picha ya cheti cha TASAC (ndio wanaosajili vyombo vya majini), na jina lilingane na pasipoti yake. Kisha muulize ushuru: ulilipwa, au chombo kiliingia kwa kibali cha muda? Hapo ndipo watu huungulia. Mgeni anayepita huruhusiwa kukaa na yoti yake bila kulipia, lakini akishakuuzia wewe, forodha watakutafuta wewe. Mwenzio keshapanda ndege. Akikwambia "hilo dogo, litaisha", kaeni Njiro mnywe chai.

Akijibu vyema, mwombe asiguse injini mpaka mfike. Mie nilinunua mashua Kilifi, nikakuta injini inanguruma tamu, nikaona nimepata mtu muungwana. Kumbe alianza kuiamsha alfajiri! Kesho yake iligoma, na fundi akanila mpaka nikakoma. Kwa hiyo weka kiganja juu yake kwanza, iwe baridi. Ikiwaka, tazama moshi. Wa buluu, inakula oili. Mweusi, dizeli haiungui vizuri. Mweupe usiokatika, huenda maji yanaingia pasipopasa. Na kama maji ya kupozea hayatoki kwenye ekzosi, zimeni.

Fungueni mbao za sakafu, mtazame ngama, yaani kule chini kabisa maji yanakojikusanya. Maji yakiwemo, onja kwa ncha ya ulimi (ukikuta yana mafuta, samehe). Ya chumvi yametoka baharini, yasiyo na chumvi ni ya mvua au ya tangi. Humo humo mtaona bolti za mkuku (ule uti wa chini ya chombo) kama zinalia kutu. Nyaya za mlingoti, uliza mwaka zilipofungwa. Zikishapita miaka 10 au 15 wenye bima huanza maneno, maana hukatikia ndani ya vichwa vyake, pasipoonekana.

Tumbo halikaguliwi likiwa majini. Ipandishwe, au iegeshwe maji yakipwa siku za bamvua (yanapojaa na kupwa kupita kiasi), ugongegonge kwa nyundo ya plastiki. Sauti kavu ni nzuri. Ikiitika kama boga, tabaka zimeachana. Vilengelenge visikutishe, vitumie kushusha bei.

Arubuni msitoe bila maandishi kwamba inarudi chombo kikishindwa ukaguzi.

Baba wa Mombasa, sasa Sakina

---

Na ada ya boya la kufungia chombo kwa mwezi, na mlinzi! Hiyo ndiyo ilitufilisi sisi.

Mama wa Kijenge

---

Asanteni. Cheti katuma, jina ni la mkewe. Ushuru anasema "anaulizia". Basi la Jumamosi tumeliacha. Baba, nyundo ya plastiki inauzwa wapi hapa mjini?

Wa Njiro