Nina miaka 49, nimeanza piano: mkono wa kushoto unauiga wa kulia, nifanyeje?

zamu_ya_usiku:

Habari zenu. Sijawahi kugusa chombo chochote cha muziki hadi miezi minne iliyopita, binti yangu alipohama akaniachia kibodi yake ya vitufe 61. Kazi yangu ni ya zamu, hivyo sina mwalimu wa kukutana naye saa maalumu. Najifunza kwa video na kitabu cha wanaoanza.

Mkono wa kulia peke yake, naweza. Wa kushoto peke yake, naweza. Nikiiunganisha, yote yanavurugika. Wa kushoto unatakiwa ushikilie noti moja kwa mapigo manne huku wa kulia ukipiga noti nne, lakini kila kidole cha kulia kikiinuka, cha kushoto nacho kinainuka. Nimekirudia kipande hicho mwanzo hadi mwisho labda mara mia. Kifundo cha mkono nacho kimeanza kuuma.

Nawauliza kwa dhati: ni umri, au kuna kitu nafanya vibaya? Na hivi vitufe 61 vinatosha?

gumba_namba_1:

Dada, pole kwa zamu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 55, sasa nina 61, na hilo la mkono kuiga mwenzake lilinikalia wiki sita nzima.

Si umri. Mkalishe mtoto wa miaka saba kwenye piano, mkono wake wa kushoto utafanya hivyohivyo. Kosa naliona kwenye maneno yako mwenyewe: "mwanzo hadi mwisho." Ukianzia mwanzo kila mara, vipimo viwili vya kwanza (kipimo ni zile noti zilizo kati ya mistari wima miwili), ambavyo tayari unavijua, vinapigwa mara mia. Pale panapokukwaza panapata sekunde mbili tu, na unapafika ukiwa na wasiwasi. Tena kila ukikosea palepale kwa namna ileile, vidole vinalishika lile kosa kama vile ambavyo vingeshika noti sahihi.

Fanya hivi. Acha kibodi, kaa mezani. Kiganja cha kushoto kilaze juu ya meza, kitulie na uzito wake wote. Kwa kulia gonga kidole kimoja kimoja huku ukihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kwa sauti kabisa, usihesabu kimoyomoyo, maana mdomo ndio utakaoiongoza mikono yote miwili. Utahisi kiganja cha kushoto kikitaka kuruka kwenye "mbili". Kiache kitake, ila kisiinuke. Kikitulia mara kumi mfululizo, rudi kwenye kibodi upige kipimo kimoja tu, polepole kiasi kwamba kati ya noti na noti unapata muda wa kujua kidole kinachofuata ni kipi. Mtu akikusikiliza asitambue hata kuwa ni wimbo. Huo ndio mwendo unaoutaka.

Kwangu mimi shida ilikuwa kati ya kipimo cha tatu na cha nne. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kwenye C, kisha kilitakiwa kishuke hadi G ya chini yake. Kila mara nilitua F. Mke wangu, aliyekuwa chumba cha pili, ndiye aliyeniambia, "Mbona huo mwingine wote unaujua? Piga hapo tu." Nikaacha wimbo wote. Siku tano nilifanya safari hiyo moja, C kwenda G, noti mbili basi, macho nimefumba, dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Siku ya sita nilipiga kuanzia kipimo cha tatu na mkono ukaenda wenyewe. Nilisimama nikamwita aje asikie. Tangu siku hiyo, kipande kipya chochote nakianzia pale palipo pagumu, na mwanzo wake huwa nauacha hadi mwisho.

Kuhusu kifundo, angalia kiti kabla ya kingine chochote. Ukikaa, viwiko viwe usawa wa vitufe, na mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja uwe umelala sambamba na sakafu. Mimi kiti changu kilikuwa kifupi, nikawa napinda vifundo kuvifikia vitufe kutoka chini. Blanketi lililokunjwa mara mbili likamaliza maumivu ndani ya wiki. Maumivu yakianza, acha kupiga. Usilazimishe hata dakika moja, na yakiendelea hata ukiwa umepumzika, muone daktari.

Vitufe 61 ni oktava tano (oktava ni kutoka C hadi C inayofuata), na nyimbo za mwaka wako wa kwanza zinaenea humo. Piano kamili ina 88: 52 vyeupe, 36 vyeusi. Kwangu swali kubwa ni jingine: ukibonyeza taratibu, inatoa sauti ndogo? Ukibonyeza kwa kasi, sauti inakua? Jaribu sasa hivi. Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano za kwanza kule Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, jambo lake jipya lilikuwa nyundo ndogo zinazogonga waya kisha zinarudi nyuma, ili mpigaji aamue kwa kidole sauti iwe ndogo au kubwa. Ndiko lilikotoka jina lenyewe, maneno ya Kiitalia ya "taratibu" na "kwa nguvu". Kibodi inayotoa sauti moja hata uibonyeze vipi itakufundisha noti, lakini mguso haitakufundisha. Kama yako inaitikia, kaa nayo.

mistari_mitano:

Nimefundisha wanaoanza kwa miaka mingi, wadogo kwa wakubwa, na naunga mkono yote aliyosema mzee wetu hapo juu. Naongeza mawili.

La kwanza, dada, kama umeandika herufi juu ya kila noti kitabuni, zifute. Jicho likiona herufi haliisomi noti. Shika alama tatu tu. C ya katikati. G, iliyo kwenye mstari wa pili kutoka chini, pale ufunguo wa juu, ile alama iliyo mwanzoni mwa mistari mitano ya juu, unapojizungusha. F, iliyo kwenye mstari wa nne wa ufunguo wa chini, kati ya yale madoa mawili. Noti nyingine zote zihesabu kutoka kwa jirani aliye karibu.

La pili, usiviogope vitufe vyeusi. Wengi wanavikwepa mwaka mzima kwa kuwa skeli ya C, yaani noti zinazopanda moja baada ya nyingine kuanzia C, haina hata kimoja. Chopin, mtunzi na mpiga piano mashuhuri, ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ilitokana na kufundisha, aliona kinyume: wanafunzi wake waanze na skeli ya B, yenye vyeusi vitano, na ya C ije baadaye kwa kuwa kwa mkono ndiyo ngumu. Weka gumba la kulia kwenye E, vidole vitatu vya kati kwenye vile vyeusi vitatu vinavyofuatana, na kidole cha mwisho kwenye B. Umeona? Vidole virefu vimekaa juu, vifupi vimekaa chini, na kiganja kimepata umbo lake bila kukilazimisha. Kwa mtu ambaye kifundo kinamuuma, ningeanzia hapo kila siku.

sikio_kwanza:

Mimi sikuwahi kusoma noti, nimejifunza kwa kusikiliza na kufuata kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kushoto kodi, kulia sauti ya wimbo. Dada akitaka kusindikiza waimbaji, njia hii nayo inafika. Ila hata huku mkono wa kushoto lazima ujue kutulia, kwa hiyo lile zoezi la meza nami nimelichukua.

zamu_ya_usiku:

Asanteni sana, nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Kiti kilikuwa kifupi kweli. Niliweka mto mgumu na kifundo hakijauma tena tangu Jumanne iliyopita. Kibodi inaitikia mguso, sikuwahi hata kujua, maana siku zote nilikuwa nabonyeza kwa nguvu moja.

Zoezi la meza nililifanya kazini wakati wa mapumziko. Siku nne za kwanza kiganja kiliruka. Ya tano kikatulia, na jana usiku nimepiga vipimo viwili kwa mikono yote, noti ya kushoto imelia mapigo manne kamili bila kukatika. Nilirudia nikisikiliza ile noti moja tu. Sikujua inaweza kuwa nzuri hivyo peke yake.

Swali moja: kibodi ilikuja na pedali. Nianze kuitumia?

gumba_namba_1:

Hongera sana, dada! Pedali iache kwanza. Kazi yake ni kuifanya sauti iendelee hata ukiinua kidole, kwa hiyo ukiikanyaga sasa, mkono wa kushoto ukiinuka hutasikia. Maliza vipimo vyote vinane bila hiyo, kisha urudi utuambie.