Mrejesho: Ripoti za korosho za msimu wa 2019/2020 zimepatikana

Wakuu, niliuliza kwa nini ripoti za mapokezi ya msimu huo zinatoka tupu kwenye mfumo wa kompyuta wa chama chetu cha msingi cha ushirika hapa Tandahimba. Mkaniambia nisiguse chochote kabla ya kunakili hifadhidata (database) nzima. Asanteni sana, ushauri huo umeniokoa.

Data haikufutwa. Misimu iliyofungwa ilihamishiwa kwenye jedwali la kumbukumbu, na ripoti ilikuwa inasoma jedwali la msimu wa sasa tu. Nikaunganisha majedwali yote mawili kwa amri ya hifadhidata iitwayo UNION. Ripoti ikatoka, lakini kilo zikapungua kuliko daftari la ghala!

Hapo ndipo nilipohangaika siku mbili. Kumbe UNION huondoa mistari inayofanana na kubakiza mmoja tu, na ripoti yangu haikuwa na namba ya stakabadhi. Mkulima aliyepima magunia mawili ya kilo 80 siku moja akahesabiwa gunia moja. Jasho la mtu lile! Nimeweka UNION ALL, ambayo hubakiza mistari yote, na kuongeza namba ya stakabadhi, hesabu sasa inalingana na daftari.

Jana mzee mmoja amechukua nakala yake ya ripoti, aliisubiri tangu mwezi uliopita.