Acheni kutuuzia sili za pampu za kuzama kwa kuuliza kipimo cha shafti peke yake!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Kazi yangu ni kusuka mota, na nyingi zinazofika mezani kwangu zimetoka kwenye mashine zinazofanya kazi chini ya maji: pampu za kuzama, mashine za kukorogea majitaka na jamii yake. Mteja anaingia amekunja uso: "Fundi, mota yako imeungua tena." Napima insuleshini kwa megga, inasoma karibu na sifuri. Nafungua, nakuta waya ni mzima kila mahali isipokuwa pale maji yalipokaa. Maji yamepita kwenye sili, kile kifaa kinachozuia maji yasipenye kandokando ya shafti hadi ndani ya mota, lawama inakuja kwangu. Na sili yenyewe ilinunuliwa dukani kwa swali moja tu: shafti ni milimita ngapi?

25? Chukua hii, lipa, nenda. Hakuna anayeuliza pampu itakaa kina gani, itazama kwenye maji ya aina gani, chemba iliyo kati ya pampu na mota ina oili gani, wala mota inazungukia upande upi.

Iliyonifanya niandike uzi huu nimeifungua wiki hii. Nilipolegeza boliti ya chemba ya oili, kilichotoka kilikuwa cheupe na kizito kama maziwa mgando. Oili ikishaingiliwa na maji na shafti ikaikoroga, ndivyo inavyokuwa. Nikavuta sili. Oringi, yaani pete yake ya raba, ilikuwa imevimba hadi imetoka kwenye mfereji wake, na ukiibonyeza kwa kucha alama inabaki. Ilikuwa EPDM. Raba hiyo ni nzuri kwenye maji, hata ya moto, lakini haivumilii oili ya madini hata kidogo. Sasa sili ya pampu ya kuzama upande mmoja inaguswa na maji, upande wa pili imo ndani ya oili! Muuzaji alisikia "pampu ya maji" akatoa raba ya maji. Nitrili ya kawaida ingetosha kabisa pale. Raba zote hizi ni nyeusi na mteja hawezi kuzitofautisha kwa macho, ndiyo maana anayeziuza analazimika kujua anauza nini.

Halafu nyuso. Sili hii haifanyi kazi kwa kukaba shafti kama pakingi. Ina nyuso mbili, moja inazunguka na shafti na nyingine imetulia, zimesagwa zikawa bapa kiasi kwamba utando wa majimaji unaobaki kati yake una unene wa mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Utando huo ndio unaozilainisha. Kaboni kwa seramiki, yaani uso mmoja wa kaboni na mwingine wa seramiki, zinafaa maji safi, sina ugomvi nazo. Ukizipeleka kwenye maji yenye mchanga, chembe zinajikita kwenye kaboni na kuanza kuchimba. Nimetoa nyuso zenye mifereji inayoshika ukucha. Upande unaotazama maji machafu unataka nyuso zote mbili ziwe za silikoni kabaidi, ambayo ni ngumu sana. Ila nazo ukiziendesha kavu zinapata joto haraka na kupasuka, kwa hiyo pampu ikiachwa izunguke bila maji, chemba iwe na oili ya kutosha. Na kutosha si kujaza pomoni: oili ikipata joto inatanuka, iachieni nafasi ya hewa.

Kina ndicho kinachonichosha zaidi, kwa sababu hesabu yake haina ugumu wowote. Kila mita 10 za maji ni takriban bari 1 ya presha. Mashine ikishushwa mita 60, sili inabeba kama bari 6 kutoka nje, usiku na mchana, hata umeme ukiwa umezimwa. Zipo sili zilizosanifiwa kupokea presha upande mmoja tu. Ukiifunga kinyume, presha inaweza kuisukuma sehemu iliyotulia ikatoka kwenye kikalio chake. Nani dukani amewahi kukuuliza hilo?

Maji ya chumvi ndiyo balaa kabisa. Springi inayosukuma nyuso zikutane, ikiwa ya chuma cha pua cha 304, inatobolewa na kutu. 316 ina nafuu, lakini penye maji yaliyotuama na vijinafasi vilivyojificha nayo inaliwa, na hapo ndipo watu wanapotumia Hastelloy, aloi ya nikeli inayostahimili kutu. Hata tangsteni kabaidi, nyenzo nyingine ngumu ya nyuso, si moja: iliyoshikizwa kwa kobalti inaharibika kwenye maji ya bahari, ya nikeli inahimili zaidi. Tope na nyuzinyuzi nazo huziba zile springi ndogondogo nyingi, uso unakwama, unaacha kufuata mwenzake. Na kuna springi moja kubwa ya umbo la pia inayokaza ikizunguka upande mmoja tu. Fundi umeme akibadilisha fezi mbili, mota inarudi nyuma na springi inaachia.

Kuna na wanaokata waya wa kihisi cha unyevu kwenye chemba ya oili eti kinazimisha pampu mara kwa mara. Jamani! Kinazima kwa sababu sili ya chini imeshapitisha maji na kinakupa muda wa kuitoa kabla hayajafika kwenye mota. Ukikikata, unaniletea mota iliyoungua halafu unadai garantii ya kazi yangu.

Kuanzia sasa sipokei mota ya kuzama bila sili yake ya zamani na boksi la ile mpya. Kama boksi halijaandikwa aina ya nyuso, raba na chuma cha springi, garantii sitoi. Wauzaji mliomo humu, njooni mjibu: kwa nini hamuyaandiki hayo? Na mdau anayemjua muuzaji anayeyaandika, amtaje hapa chini, nitawatuma wateja wangu wote kwake.