Naombeni ushauri: nimuonyeshe binti yangu ile filamu ya Kiki ya watu, au abaki na katuni yake?

MamaTakamatsu:
Wakuu habari za sa hizi. Nipo Japani mwaka wa saba huu, nakaa Takamatsu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nina binti mmoja ana miaka 12, mwakani anatimiza 13. Huyu mtoto na Kiki ndo basi tena, yule binti mchawi anayepeleka mizigo ya watu kwa ufagio. Katuni ya Miyazaki ya 1989 ameiangalia mpaka anamtangulia muigizaji kusema, na kitabu chenyewe cha Eiko Kadono amekisoma kwa Kijapani. Ila kuna ile filamu ya 2014 iliyochezwa na watu, hiyo hajaiona na mi nimeipata, nataka tuiangalie Ijumaa. Sasa naogopa. Kuna pale watu wa mji wanaanza kumkwepa, halafu pale mwanzo anapowaaga wazazi wake. Mlioiona, inafaa kwa mtoto wa umri huo? Naombeni mnisaidie, siku ya nne leo sijalala vizuri.

Fundi_Antena:
Dada katuni iache ilivyo. Hii ya watu yule paka Jiji ni wa kompyuta na anaonekana kabisa ni wa kompyuta, hata mtoto wa kiboko nae hivyo hivyo. Alafu mwongozaji ni Takashi Shimizu, yule yule wa zile filamu za kutisha za Ju-On, mzee wa mizimu inayoshuka ngazi, mi niliiwasha nikiwa nasubiri mtu atoke kabatini na hakutoka mtu. Hakuna la kutisha humo. Fuka Koshiba aliyecheza Kiki ndo ilikuwa filamu yake ya kwanza, kabla ya hapo alikuwa mtelezaji wa kwenye barafu, na kamudu. Ila ukinilazimisha kuchagua, katuni.

Mtumishi_77:
Mama mpendwa, mimi sitauma maneno. Mchawi ni mchawi. Leo unamuonyesha ufagio kesho utashangaa anaota usiku. Watoto wetu walioko ughaibuni tunawaombea sana, kaa nae umfundishe zaburi.

BintiKirembwe:
@Mtumishi_77 wetu wanapanda ungo, huyo kapanda ufagio, ni idara tofauti. Kwa Kijapani wanamuita majo, na huyu Kiki hana tunguri wala haendi makaburini. Uchawi wake ni mmoja tu, kuruka. Anatoka nyumbani akiwa na miaka 13, anatafuta mji usio na mchawi mwingine, anapanga chumba kwa mwenye duka la mikate, anabeba mizigo ya watu ale. Anatafuta riziki kama bodaboda tu jamani.

Mkulima_wa_Same:
Dada MamaTakamatsu, nimesoma posti yako mara mbili. Siku nne hulali kwa ajili ya filamu ya watoto? Na hapo pa kuaga wazazi umepataja mwenyewe. Sema kinachokusumbua.

MamaTakamatsu:
Hamna kingine kaka. Ni mtoto tu ana moyo mwepesi. Juzi Jumapili nilimpeleka Shodoshima, ni kama saa moja kwa feri kutoka hapa kwetu, ndo kisiwa walikopigia hiyo filamu. Kuna bustani ya mizeituni, wana kinu cheupe cha upepo cha Kigiriki, wanakuazima ufagio bure unaruka nao upigwe picha. Lile duka la mikate la kwenye filamu nalo wamelihamishia pale, sa hivi linauza vitu vidogo vidogo. Nilipiga picha thelathini na kitu, zote miguu inagusa nyasi. Moja tu ndo amepaa, na kwenye hiyo amefumba macho. Usiku nikawa naiangalia ile picha nikashindwa kulala. Ndo hivyo tu.

Mkulima_wa_Same:
Sijaridhika.

Fundi_Antena:
Mi nae sijaridhika, ila hongera kwa picha.

MamaTakamatsu:
Haya basi. Anaondoka Disemba. Anaenda kukaa kwa mama yangu Moshi, Januari anaanza bweni. Yeye hajui bado. Nilitaka aione filamu kwanza, aone mtoto wa miaka 13 anaaga na anaenda kuishi mji wa ugenini na mambo yanakuwa sawa, ndo nimwambie. Msinihukumu kabla hamjanisikia. Nina zamu za usiku, natoka saa kumi jioni narudi kesho yake saa nne asubuhi, mtoto analala peke yake na simu pembeni ya mto. Kiswahili kinamtoka, juzi kaongea na bibi yake wakamaliza dakika mbili wote wanacheka tu hawaelewani. Baba yake aliondoka kitambo, hilo tuliache. Na tiketi nimeshakata, ni ya bei ile ambayo pesa hairudi.

Njuka98:
Umenikumbusha mbali dada. Mi niliondoka nyumbani na miaka 13 hiyo hiyo, Kondoa mpaka Tabora, kidato cha kwanza. Fomu ya kujiunga iliandika jembe, ndoo mbili, shuka mbili na fagio la chelewa. Baba alilifunga fagio juu ya tranka kwa mpira wa baiskeli, na kwenye basi konda akakataa kuliweka buti, akasema litachoma mizigo ya watu, nikalipakata njia nzima. Nakumbuka mama hakunisindikiza stendi, alibaki anafagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia asubuhi. Nilifika usiku, njuka wa kwanza bwenini, nikalala na fagio kitandani kwa kuogopa litaibiwa. Na liliibiwa, siku ya tatu. Nimesoma vizuri, sa hivi nina watoto watatu, lakini hakuna hata mmoja niliyempeleka bweni. Sijui kama nimekujibu.

Mama_Pili:
Mpeleke dada, bibi ni bibi. Wangu kalelewa na bibi yake Korogwe tangu ana miaka minne na ana adabu kuliko wa jirani zangu wote.

Mtumishi_77:
Moshi kuna shule nzuri za kumcha Mungu. Hapo umefanya la maana. Filamu ndo uache.

Jicho_la_Tatu:
Wakuu mnalishwa chai humu na mnaimeza ya moto. Kinu cha Kigiriki kiko Japani? Kwani Ugiriki imehama? Alafu wanakuazima ufagio bure uruke ruke, watu wazima? Na huyo mtoto, shule za Japani mwaka unaanza Aprili, anaanzaje Januari Moshi, darasa la ngapi, na mtihani wa darasa la saba kafanyia wapi? Mtu kaangalia filamu, akatunga mtoto. Nipo hapa nasubiri majibu.

BintiKirembwe:
Swali la darasa ni la msingi hata mimi limenigusa.

Fundi_Antena:
Na kweli mwanzo alificha. Dada weka tiketi hapa, futa jina.

MamaTakamatsu:
Siweki tiketi ya mtoto mtandaoni, samahanini. Kaka Jicho, ataingia darasa la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ndiyo, hapa Machi anamaliza la sita, kule anarudia. Hilo nalo sikulisema kwa sababu najua mtakavyolipokea. Nimepiga hesabu zangu, ni bora mwaka mmoja upotee kuliko mtoto.

Mdau_wa_Kansai:
Nimtetee mama wa watu. Mi nipo Kobe, Shodoshima nimeenda mara mbili. Kile kisiwa kina undugu na kisiwa cha Milos cha Ugiriki, ndo maana kuna kinu. Mizeituni wanalima tangu 1908. Na fagio kweli wanaazimisha bure, zipo zimepangwa, watu wazima wanaruka mpaka jasho. Mke wangu aliruka na mimba ya miezi mitano nikawa namshikilia mkono, picha zote mkono wangu umetokea. Chai ingekuwa na sukari zaidi ya hii.

Jicho_la_Tatu:
Sawa kwa kinu nimekubali. Kwa mengine bado nakaa mguu mmoja nje.

Msoma_Vitabu:
Nimekaa kimya muda mrefu, ila mimi kitabu nimekisoma, na kuna jambo ambalo mama unalipita. Kadono alianza kuandika kisa hiki kwa sababu ya mchoro wa binti yake mwenyewe, mchawi kaning'iniza redio kwenye ufagio. Kwenye kitabu mama mchawi, baba si mchawi. Mtoto wao akifika kama miaka 10 anachagua mwenyewe, awe mchawi au aishi kama watu wengine, na akishachagua ndo anafundishwa, na hata usiku wa kuondoka, usiku wa mwezi mpevu, anautaja yeye. Kiki ndo anawashtua wazazi wake kwa kuutaja, wao bado wanahangaika na maandalizi. Hakuna aliyemkatia tiketi. Alafu ule ni mwaka mmoja, mwaka ukiisha anaenda kuwaona wazazi. Sasa huyo mwanao anakijua kitabu kuliko sisi wote hapa. Ukimuonyesha filamu Ijumaa na ukamwambia Jumamosi, ataelewa kwa nini ulimuonyesha, na filamu hiyo hataiangalia tena maisha yake. Muulize kwanza.

MamaTakamatsu:
Nimuulize halafu akisema hapana? Nimeshasema tiketi hairudi pesa. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuchagua aishi nchi gani, mimi mwenyewe nina 38 na sijui kama nilichagua sawa. Ninyi mnaongea kama vile kuna njia tatu mbele yangu na mi nimeikimbilia ya kwanza. Nilifikiri mwaka mzima jamani.

Msoma_Vitabu:
Sijasema usimpeleke.

Njuka98:
Dada mi ningependa angenambia mapema. Niliambiwa siku mbili kabla, fagio nilikuta limeshanunuliwa liko nyuma ya mlango.

Mkulima_wa_Same:
Uje na mrejesho. Usitukimbie.

MamaTakamatsu:
Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Nilimwambia Alhamisi usiku, kabla ya filamu. Nilikuwa nimepanga kumuuliza, kama alivyosema Msoma_Vitabu, ila nilipofungua mdomo nikajikuta namtajia tarehe. Alikuwa anaosha mchele. Hakugeuka. Aliendelea kuosha, akamwaga maji, akaweka mengine, akamwaga, mpaka yakawa meupe kama ya kunywa, na sisi hatujawahi kuosha mchele hivyo. Ndo akasema kwa Kiswahili, siyo Kijapani, "Mwaka mmoja kama Kiki?" Nikasema ndiyo. Wala sikufikiri, ilitoka tu. Akasema, "Andika." Akaniletea daftari lake la hesabu nikaandika, nikaweka na sahihi.

Ijumaa tuliangalia filamu. Pale pa kuaga hakuangalia tivii, aliniangalia mimi. Pale pa mtoto wa kiboko anapelekwa kwenye dhoruba ndo alicheka kidogo, akasema paka kweli ni mbaya, Fundi_Antena una mwenzio. Alilala kitandani kwangu, hajafanya hivyo tangu ana miaka tisa.

Sasa naomba ushauri mwingine na huu ndo wa kweli. Mama yangu Moshi ameshalipia miaka miwili, kauza ng'ombe mmoja. Leo asubuhi kanitumia picha ya vitu alivyonunua, kavipanga sebuleni: tranka la bluu, ndoo mbili na fagio la chelewa, na kwenye mpini kaandika jina la mjukuu wake kwa maka pen, herufi kubwa kubwa. Nimwambieje kwamba ni mwaka mmoja?