Wakuu, bima ya mpangaji inaanza kufanya kazi siku gani? (Niko Dodoma)

Chumba na Stoo (mleta uzi):
Habari za muda huu wakuu. Nimepanga Ilazo, chumba, sebule na stoo, kodi 180,000 kwa mwezi, nimelipa miezi sita mbele. Nasikia kuna bima ya mpangaji inayolipa vyombo vyako na hata madai ya mwenye nyumba. Nikikata leo, inaanza leo au mpaka mwezi upite? Na nyumba ikipata moto, mzigo ni wa nani? Wanaojua tu tafadhali, utani mniwekee pembeni. Nina presha.

Kikapu cha Zabibu:
Jenga kwako mkuu. Mimi nilinunua kiwanja Nzuguni serikali haijahamia huku, washikaji wakanicheka eti nimekwenda kuishi na fisi. Leo wawili kati yao wamepanga jirani yangu na maji wanakuja kuomba kwangu.

Mama Kisasa:
Bima ya runinga mnaijua, bima ya afya hamna. Haya.

Dirisha la Tatu:
Nipo kwenye kazi za bima. Bima ya vitu vya ndani ni ya vyombo vyako: friji, godoro, nguo. Jengo ni la mwenye nyumba, wewe huwezi kulikatia kama lako. Kinachomgusa yeye ni kipengele cha dhima: ukimharibia mali kwa uzembe wako, kampuni inamlipa kwa niaba yako. Ila kiwe kimeandikwa, usidhani kinakuja chenyewe. Na inaanza tarehe iliyo kwenye hati, ukishalipa. Nyuma hairudi. Sasa mkuu, anayekimbilia bima "leo" mara nyingi ana la jana. Nini kimeungua?

Chumba na Stoo:
Jumamosi usiku. Stoo yote, na jipsamu ya sebuleni imeshuka. Godoro, begi la nguo, runinga imeyeyuka upande mmoja. Baba mwenye nyumba anataka 3,000,000 na amebadilisha kufuli. Lakini waya za pale ni za zamani, soketi ya stoo ilikuwa inatoa cheche tangu nahamia!

Wakili wa Kijiweni:
Taratibu. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88: nyumba ikiungua mpaka haikaliki, bila uzembe wa mpangaji, kodi inasimama hadi itengenezwe. Ikipita miezi sita haijatengenezwa, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Soma tena hapo kwenye "bila uzembe". Hizo cheche ulimwambia kwa meseji au kwa mdomo? Zimamoto mliwapigia 114? Ripoti yao ndiyo itasema moto ulianzia wapi. La kufuli lipeleke Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, usiende kulivunja.

Fundi Waya:
Stoo ulichomeka nini?

Kikapu cha Zabibu:
Hapo sasa.

Chumba na Stoo:
Taa. Ya vifaranga. Nilikuwa na 200, wa siku tano, niliwawekea maranda na balbu ya joto juu. Kabla hamjaanza: nusu ya Dodoma inafuga uani. Mkataba unasema hairuhusiwi kufuga, lakini kifaranga anayeenea kwenye kiganja ni mfugo kweli? Halafu kuna kijana wa bima ameniambia ataandika tarehe ya wiki iliyopita, nimeshampa 50,000 ya kuanzia. Siyo wizi jamani, nia ya kukata nilikuwa nayo tangu Januari.

Dirisha la Tatu:
Huo ni utapeli na kesi utaibeba wewe. Mkaguzi wa hasara atauliza stakabadhi, na hati anaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Hata ungekuwa na bima halali, vifaranga 200 vya biashara usivyovitaja kwenye fomu vinatosha kukataliwa madai.

Darubini:
Chai hii. Mwezi wa nne mleta uzi aliandika "Nimemaliza kupaua Mkonze, nishaurini vigae". Leo mpangaji. Anauliza bima, anatokea mtu wa bima na majibu yote mkononi. Mtu mmoja, akaunti mbili. Subirini namba ya simu ya ofisi.

Kikapu cha Zabibu:
Nilijua! Runinga gani inayeyuka upande mmoja?

Fundi Waya:
Inayeyuka. Nimeshaona, Chang'ombe.

Chumba na Stoo:
Mkonze ni kwa shemeji, nilikuwa namsimamia mafundi. Nitunge ili nipate nini? Watoto nimewapeleka kwa bibi yao Kondoa, mimi nalala kwa jirani. Manyoya yakiungua harufu inakaa kooni, huu ni usiku wa nne kila nikinywa chai nasikia vifaranga.

Darubini:
Chai amekiri mwenyewe.

Fundi Waya:
Mkuu, jibu moja tu. Soketi ndiyo iliwaka, au balbu ilidondoka kwenye maranda?

Chumba na Stoo:
Nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Nadhani ilikatika.

Wakili wa Kijiweni:
Basi hadithi ya cheche iache. Mchukue mwenyekiti wa mtaa, mwende kwa mzee, fundi apige hesabu ya kilichoungua kweli, mwandikiane kulipa kidogo kidogo. Muulize pia kama jengo lina bima. Usishangilie likiwa nayo: kampuni ikishamlipa yeye inaweza kukugeukia wewe.

Chumba na Stoo:
Nimempigia yule kijana anirudishie hela. Hapatikani.

Mama Kisasa:
Vifaranga wamepona wangapi?

Chumba na Stoo:
31. Wapo kwenye boksi kwa jirani.

Mama Kisasa:
Ni chotara? Naweza kupita kesho jioni.

Chumba na Stoo:
Chotara mama. 1,500 kila mmoja, hawanuki moshi.