Naomba ushauri: moto wa mapema (kuchoma nyasi kwa makusudi kabla hazijakauka sana) ukivuka mpaka wa msitu wa wilaya, nani analipa?

Habari zenu wakuu. Kijiji chetu kinapakana na msitu wa hifadhi wa wilaya, miombo tupu, na tuna mkataba wa usimamizi wa pamoja. Kamati ya maliasili imepanga kuchoma mwezi Juni kipande kwa kipande, jioni upepo ukitulia. Kibali kipo, majirani wamearifiwa kwa maandishi. Shida ni upande wa mikorosho: barabara ya kuzuia moto ina visiki vikavu, navyo hufuka usiku kucha kisha kesho yake mchana vikarusha cheche. Mkataba uko kimya kuhusu fidia. Tumeuliza wilayani, jibu ni "fuateni kibali" tu.

Sheria ya mashauri dhidi ya serikali, Sura ya 5 ya sheria za Tanzania, inadai notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na tangu 2020 inahusu hata halmashauri ya kijiji. Je, kibali kinatukinga na dai la uzembe? Na doria ya visiki tuiandikeje mkatabani ili wilaya nayo ibebe mzigo?